Nani Aliyeipanga Kompyuta Yako?

Madaraka hayakai bungeni peke yake. Hukaa pia katika mambo madogo ambayo wachache wamewaamulia wengi, nao wengi wasijue kwamba uamuzi ulifanyika. Mfano ninaoupenda ni mvutano wa GNOME na KDE, mazingira mawili ya eneokazi yanayompa mtumiaji wa Linux madirisha, menyu na vitufe.

KDE ilianza Oktoba 1996, pale Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen nchini Ujerumani, alipowaalika wenzake kujenga eneokazi ambalo hata asiye mtaalamu angeliweza kulitumia. Kasoro ilikuwa katika leseni: Qt, msingi wake, ilikuwa mali ya kampuni ya Trolltech ya Norwei, wala haikuwa programu huria kikamilifu. Kwa sababu hiyo, Agosti 1997, Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico walitangaza GNOME. Ugomvi wa kwanza, basi, ulihusu umiliki. Mwaka 2000 Qt ilitolewa kwa leseni ya GPL na hoja hiyo ikaisha nguvu, lakini miradi haikuungana. Likazuka swali jingine: mtumiaji aachiwe kuamua mambo mangapi?

GNOME 2, iliyotoka mwaka 2002, ilipunguza mipangilio kwa makusudi. Havoc Pennington, mmoja wa wajenzi wake, alidai kwamba kila chaguo lina gharama: lazima lijaribiwe na lieleweke, na mara nyingi huongezwa ili kukwepa kurekebisha kasoro yenyewe. KDE ikabaki na milango mingi wazi. Desemba 2005 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliishutumu GNOME hadharani kwamba inawaona watumiaji kuwa wajinga, akawashauri watu watumie KDE. GNOME 3 ilipokuja mwaka 2011 na sura ngeni kabisa, waliochukizwa walichukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE.

Katika mjadala huu, mimi nakubaliana na Pennington kwa sehemu. Karani mwenye foleni ya wananchi mlangoni hana wasaa wa kupekua mipangilio. Kumwambia kwamba yu huru kubadilisha kila kitu ni kumtwisha kazi ya fundi. Wengi wetu tutaishi na tulichokikuta. Kwa hiyo mpangilio wa awali ni sera, na mwenye kuuweka anatawala.

Lakini mtawala hukosea, na hapo MATE inatufundisha jambo. Kinga ya raia haikuwa wingi wa vitufe, bali haki ya kuuchukua msimbo na kuondoka nao. Haki hiyo hiyo ndiyo iliyouwezesha mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004 bila kumpigia magoti mwenye mali.

Hata hivyo, tafsiri isiyowekwa tayari kwenye mashine hubaki kuwa hazina iliyofukiwa. Ndugu mtumishi wa umma, unapoandaa zabuni ya kompyuta za ofisi, usiulize bei na kasi tu. Uliza mashine itawaka kwa lugha gani, nani ameamua hivyo, na iwapo mkataba unakuruhusu kuutengua uamuzi wake.