Mwalimu wa Mbali Hakuwa Mtu Mmoja

Jirani yangu mmoja hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, ana sanduku la bati sebuleni kwake. Juu yake kuna kitambaa cha kufuma na redio, hata mgeni hudhani ni meza. Ndani mna madodoso zaidi ya mia mbili aliyoyajaza mwaka 2019 katika machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita. Aliwauliza akina mama wanaofanya kazi kwenye mialo namna wanavyoishika zebaki, wanavyoichoma, na watoto wao wanakaa wapi wakati moshi ule unapopanda. Jirani yangu ni mhadhiri. Sitamtaja jina wala chuo chake, kwani mwenyewe hapendi makuu, na chuo chenyewe hakikumtendea jambo ambalo vingine havikuwatendea watu wao.

Nimelikumbuka sanduku hilo wiki hii baada ya kusikia abiria wawili ndani ya basi la Kahama wakikubaliana kwamba mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, wahadhiri walikula mshahara wa bure. Nilinyamaza, maana ukibishana ndani ya basi unafika umechoka. Naomba niwajibu hapa.

Kwanza tuziweke tarehe mahali pake. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, aliyegundulika Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, na siku iliyofuata ikawa zamu ya vyuo. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa Juni 1, na madarasa mengine Juni 29. Wenzetu wa Uganda walisubiri hadi Januari 2022 ndipo shule zao zote zikafunguliwa. Kwa hesabu hiyo wapo wanaosema sisi tulipita kwa urahisi. Kwa kalenda, ni kweli.

Jioni moja ya mwezi Aprili mwaka ule jirani yangu alibisha hodi, akasimama mbali kidogo kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, akaniambia, "Ndugu mtangazaji, nifundishe kusema na mtu nisiyemwona."

Wanafunzi wake walikuwa wametawanyika. Wengine walikuwa kwao vijijini wakivuna mpunga. Wengine walikuwa Nyarugusu na Rwamgasa wakiponda mawe, kwa sababu dhahabu ilikuwa inapanda bei. Agosti mwaka huo ilipita dola 2,000 kwa wakia moja, bei ambayo haikuwa imefikiwa kabla. Kijana mwenye nguvu asingekaa nyumbani kusubiri chuo kifunguliwe huku karasha zikinguruma usiku na mchana. Simu walikuwa nazo. Kilichokosekana ni vifurushi vya kuangalia somo kwa picha, na mtandao wenyewe ulipatikana kwa kupanda kilimani. Kwa hiyo yeye, bila kuagizwa na mtu, aliamua kuwarekodia masomo kwa sauti, dakika saba saba, na kuwatumia kwa WhatsApp.

Nilimfundisha nilichojua. Sentensi fupi. Taja kitu kwanza, ndipo ukieleze. Usichakurishe karatasi. Tukaegemeza godoro ukutani kupunguza mwangwi. Alirekodi usiku, kwani mchana watoto watatu walikuwa nyumbani wakigombania kompyuta moja, na mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa akirudi kutoka wodini amechoka na anaogopa kumgusa mtu. Somo la dakika saba lilimgharimu saa tatu. Mimi niliyezoea kazi hiyo sikushangaa. Yeye alishangaa sana.

Wiki hizo hizo alipata barua kutoka kwa mhariri wa jarida la nje alikopeleka makala yake ya zebaki. Wahakiki walikuwa wameipenda. Walimpa miezi mitatu afanye masahihisho.

Hapo ndipo napenda turudi nyuma miaka 47.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Marehemu baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi kijijini kwetu, na kitabu chake kilichochanika jalada ninacho hadi leo. Kwa wiki 12 watu walikusanyika chini ya miti na kwenye madarasa, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam, wakasoma sura ya kitabu, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba choo au kufyeka nyasi zinazofuga mbu. Malaria, safura, kichocho, kuhara: ndiyo yalikuwa masomo. Walishiriki watu wapatao milioni mbili, na viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo walifika 75,000. Mtu akisema leo kwamba elimu ya mbali ni ugeni ulioletwa na korona, najua hakuwa na baba kama wangu.

Lakini tazama kazi ile ilivyogawanywa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliisimamia. Madaktari walitoa maarifa. Waandishi wakayageuza kuwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, watangazaji wakayasoma, wapiga chapa wakachapa vitabu. Baba yangu, aliyeishia darasa la nne, kazi yake ilikuwa kuwasha redio, kuuliza maswali yaliyoandikwa kitabuni na kuhakikisha mzee mmoja hazungumzi peke yake. Hakuna aliyemtaka daktari atangaze, wala mtangazaji achimbe choo.

Na utafiti nao ulikuwa na watu wake. Ndani ya Taasisi ile kilikuwepo kitengo cha utafiti, na miongoni mwa waliokiongoza ni Budd Hall kutoka Amerika ya Kaskazini. Watafiti walikwenda vijijini kabla ya kampeni na baada yake, wakahesabu vyoo. Mwaka 1978 Hall alichapisha kitabu kuhusu kampeni hiyo, na jina lake likajulikana duniani katika elimu ya watu wazima na katika utafiti unaowashirikisha wananchi. Simwonei wivu. Nasema tu kwamba aliweza kuandika kwa sababu hakuwa yeye anayesoma kipindi, anayesahihisha mitihani na anayenunua betri.

Utaratibu huo haukufa mara moja. Kulikuwa na masomo kwa njia ya posta, na wapo watumishi wengi wa umri wa baba zetu waliopata cheti cha sekondari ndani ya bahasha. Kisha kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza rasmi Machi 1993 na kupokea wanafunzi mwaka uliofuata chini ya Profesa Geoffrey Mmari. Kimefungua vituo mikoani, na Shinyanga na Geita ni miongoni mwa mikoa hiyo. Chuo Huria kilijengwa tangu msingi kwa ajili ya mwanafunzi asiyeonekana. Vyuo vingine vilijengwa kwa ajili ya ukumbi, ubao na kipaza sauti, na mwaka 2020 vikakuta ukumbi umefungwa. Kazi iliyokuwa ya taasisi nzima mwaka 1973 ikamwangukia mtu mmoja mwenye simu na godoro.

Miezi ile palienea pia habari ya Isaac Newton. Mnamo 1665 tauni ilipofunga Chuo Kikuu cha Cambridge alirudi kijijini kwao Uingereza, na huko akafikiri mambo makubwa ya mwanga, hesabu na uvutano. Wakubwa wa vyuo waliipenda sana habari hiyo. Jirani yangu aliwahi kutumiwa mara nne kwa siku moja. Walisahau kutaja kwamba Newton alikuwa kijana wa miaka 22, hana mke, hana mtoto, wala mwanafunzi hata mmoja wa kumrekodia somo.

Nani basi aliandika mwaka 2020? Uchunguzi wa makala zilizopelekwa kwenye majarida ya kampuni ya Elsevier, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba katika wimbi la kwanza la korona wanawake walipeleka kwa uwiano mdogo kuliko wanaume, hasa wanawake wa umri wa kulea. Mwenye mtu wa kumshikia watoto aliandika. Jirani yangu ni mwanaume, lakini mwaka ule mkewe alikuwa wodini, hivyo jikoni alikuwa yeye.

Vyuo vilipofunguliwa Juni mambo yalizidi. Muhula ulibanwa ili kufidia siku zilizopotea. Mchana alifundisha ukumbini, jioni akasahihisha, na usiku akaendelea kurekodi kwa ajili ya wale waliochelewa kutoka machimboni. Miezi mitatu ya mhariri ikapita. Aliomba muda, akapewa mwezi. Nao ukapita.

Kilichonisikitisha ni kwamba mwaka huo huo Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki. Hao wa mialoni ndio hasa waliokuwa wakizungumziwa. Wageni wamewahi kufika Rwamgasa kupima zebaki, tangu ule mradi wa Umoja wa Mataifa wa miaka ya 2000. Lakini maneno ya akina mama wale kuhusu mahali wanapolaza watoto wao, yaliyokusanywa na mtu anayejua Kisukuma, yalikuwa yamekaa chini ya redio hapa Ngokolo. Alipopeleka tena makala mwaka 2021, jarida lilimjibu kwamba takwimu zimepitwa na wakati, bei ya dhahabu imebadilika, arudi machimboni akaulize upya. Nauli ya kurudi hakuwa nayo.

Haki itendeke kwa pande zote. Mwaka 2022 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza tuzo za fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa, na mimi nililishangilia jambo hilo redioni. Mtu anayetafiti alipwe. Ila sijasikia bado tuzo ya aliyefundisha watu mia moja na kumi akiwa amejifunika blanketi asiamshe watoto.

Mwaka jana jirani yangu alijaza fomu ya kuomba kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi. Alinijia nayo tuitazame pamoja. Ilikuwa na jedwali la makala, jedwali la vitabu na jedwali la mikutano ya kitaaluma. Alinionyesha kwenye simu masomo yake, yote 64, akaniuliza ayaandike wapi. Tuligeuza karatasi zile mbele na nyuma. Mwishowe aliyaandika kwa kalamu pembeni, chini ya neno "Mengineyo", akapeleka.

Majibu hayajatoka.