Shule ya pikipiki huchaguliwa uwanjani, si kwa bei

Chai inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa tangu mwaka 1969 hutoka milimani, na sehemu kubwa yake hutoka Kericho na Bomet. Mimi ni mtu wa Pwani, na kazi yangu inanipeleka viwandani huko kwa pikipiki, mvua inyeshe au jua liwake. Vijana wetu wengi nao wanapanda bara kutafuta riziki, na wakifika huko kazi ya kwanza wanayoipata mara nyingi ni ya bodaboda. Ndiyo sababu naandika haya: kijana aliyejifunza kuendesha Mtwapa au Likoni, kwenye barabara tambarare, akifika Litein au Silibwet ni mwanagenzi upya. Anahitaji shule, na shule si zote ni sawa.

Neno langu ni moja. Usichague shule kwa bei wala kwa ahadi ya leseni ya haraka. Nenda ukaone uwanja wao kwa macho yako. Shule inayomfundisha mtu kusimama kabla ya kumfundisha kwenda ndiyo shule.

Kwa nini milima ya chai ni mtihani

Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, nyingi ikija alasiri, na mara kwa mara huandamana na mvua ya mawe. Ndiyo maana majani chai yanastawi, na ndiyo maana lami haikauki. Ukitoka Kericho kupitia Kapsoit kuelekea Ahero, barabara inashuka mamia ya mita. Ukienda Sotik kupitia Litein na Kapkatet, ni kupanda na kushuka bila kikomo, kona baada ya kona, na majani chai pande zote mbili yakikuzuia kuona anayekuja.

Ukiacha lami, unaingia barabara za moramu na udongo mwekundu zinazoelekea vituo vya kununulia majani chai. Zikilowa, huteleza kama sabuni. Malori ya majani mabichi hupita humo humo, mengine usiku, na huacha mifereji ya matairi ambayo pikipiki ikiingia haitoki kwa urahisi. Asubuhi kuna ukungu. Mwendeshaji amebeba mama wa kuchuma chai, au mitungi ya maziwa, au vyote viwili. Hapo ndipo kosa dogo linapogeuka kuwa safari ya hospitali ya Longisa au Tenwek.

Sheria inataka nini

Anayetoa leseni ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Pikipiki ziko katika daraja A, nalo limegawanywa mara tatu. A1 ni ya vipikipiki vidogo, A2 ni ya pikipiki ya kawaida, na A3 ni ya pikipiki za kubeba abiria, za kupeleka vifurushi, na za magurudumu matatu kama tuktuk zetu. Kwa hiyo anayetaka kufanya bodaboda aulize mapema kama shule inamwandaa kwa A3. Wako waliomaliza mafunzo, wakalipa kila kitu, ndipo wakagundua leseni yao haiwaruhusu kubeba abiria.

Mwanagenzi huanza na leseni ya muda, hufunzwa na shule iliyosajiliwa, kisha hutahiniwa. Shule iwe na cheti cha NTSA, na mkufunzi naye awe na chake. Omba kuviona vyote viwili. Shule ya kweli haitakasirika.

Sheria pia inamtaka mwendeshaji na abiria wavae kofia ngumu na jaketi linaloakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu. Mshikaki ni kosa la jinai. Ukiingia shuleni ukamwona mkufunzi mwenyewe hana kofia kichwani, geuza urudi ulikotoka. Asiyejilinda mwenyewe hatakufundisha wewe kujilinda.

Uwanja mzuri unafundisha mambo haya

Kwanza, breki. Pikipiki nyingi za kazi ni za sisi 100 hadi 150. Wengi waliojifunza kwa rafiki mtaani hukanyaga breki ya nyuma tu, kwa kuwa waliambiwa ya mbele itawarusha. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kuisimamisha. Siri ni kuikamua breki taratibu, usiivute ghafla, na kutumia zote mbili pamoja. Hili halielezwi kwa mdomo. Linataka saa nzima ya kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, kwanza pakavu, kisha palipolowa.

Muulize mkufunzi akueleze hesabu hii. Kwa kilomita 60 kwa saa unasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka ni mita 17 kabla hujagusa breki. Tena ukizidisha mwendo mara mbili, umbali unaohitajika kwa breki zenyewe huzidi mara nne. Mkufunzi asiyeijua hesabu hii atakufundisha kukimbia tu.

Pili, mteremko. Bara kuna mazoea ya kuweka gia ya frii, au hata kuzima injini, ili kuokoa petroli wakati wa kushuka. Ni akiba ya shilingi kumi inayogharimu mguu. Pikipiki iliyo kwenye frii haina injini ya kuishika, breki zinabeba kazi yote, na zikipata joto sana hulegea. Shule nzuri inakufundisha kushuka kwa gia ndogo, injini ikivuta nyuma, mkono ukiwa tayari kwenye breki.

Tatu, kona. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake. Macho yanatangulia pale unapotaka kutokea, kwa maana pikipiki hufuata macho. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni. Kuna na jambo ambalo wengi hulifanya bila kulijua: pikipiki ikiwa mwendoni, ukiusukuma mbele mkono wa kulia wa usukani, italala kulia na kukata kulia. Anayelijua kwa makusudi anaweza kumkwepa ng'ombe aliyetoka ghafla kwenye majani chai. Asiyelijua huganda.

Nne, mzigo. Pikipiki yenye abiria au mitungi ya maziwa si pikipiki ile ile. Inachelewa kusimama, na usukani unakuwa mwepesi kwa sababu uzito umekaa nyuma. Uliza kama siku ya mwisho utafanya mazoezi ukiwa na mzigo. Shule nyingi hazifanyi hivyo, na hapo ndipo unapoweza kuzipambanua.

Tano, mahali pa kusimama. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likavamia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Waendeshaji wale walikuwa wamesimama, wanatafuta riziki yao, hawakumkosea mtu. Lakini funzo limebaki kwa walio hai: kwenye barabara za mteremko zenye malori mazito, kujua pa kuegesha na kuacha njia ya kukimbilia ni sehemu ya ujuzi. Mwalimu mzuri huwapeleka wanafunzi barabarani, akawaonyesha steji moja moja na kuwauliza: lori likija bila breki, wewe utaelekea wapi?

Namna ya kumpima mkufunzi

Marekani kuna shule za kuendesha pikipiki kwenye viwanja vya mashindano. Maarufu mojawapo ni California Superbike School, iliyoanzishwa na Keith Code mwaka 1980. Sisi hatuendi mashindanoni, lakini utaratibu wao unafaa hata kwenye uwanja wa soko. Mwanafunzi hupewa jambo moja tu la kufanyia kazi, huendesha huku mwalimu akimtazama, kisha hurudi na kuambiwa alichokifanya. Halafu huendesha tena. Jambo la pili haliji mpaka la kwanza lishike.

Kwa hiyo nenda uwanjani siku ya mafunzo, ukae pembeni nusu saa, utazame. Mkufunzi anawatazama wanafunzi au anaitazama simu? Wanafunzi ni wangapi kwa pikipiki moja? Wakiwa kumi na pikipiki ni moja, katika saa mbili kila mmoja ataendesha dakika 12, muda uliobaki atakuwa mtazamaji. Mwanafunzi akianguka, mkufunzi anamweleza sababu au anamcheka? Na pikipiki zenyewe je: matairi yana meno, breki zinashika, cheni imekazwa? Shule yenye matairi yaliyokwisha inakwambia thamani ya maisha yako kwao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Nitaendesha saa ngapi mimi mwenyewe, si darasa zima? Nitafunzwa kwenye matope na kwenye mteremko, au kwenye uwanja mkavu tu? Mnaniandaa kwa A2 au A3? Ada hii inajumlisha mtihani na leseni, au kuna nyingine itakuja? Nikishindwa mtihani, mtanifunza tena? Mnafundisha huduma ya kwanza kwa aliyeumia? Mvua ikinyesha, mafunzo yanaahirishwa au yanaendelea?

Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nilimwuliza mkufunzi mmoja wa Bomet, akacheka akaniambia, "Mzee, hapa ukingoja jua hutafundisha mtu." Huyo ndiye wa kupeleka mtoto wako. Wa shule nyingine, ambayo sitaitaja, aliniahidi leseni hata bila kugusa pikipiki, niongeze pesa kidogo tu. Huyo anauza karatasi, na karatasi haishiki breki.

Neno kwa watu wa nyumbani

Ninajua jibu litakalokuja: ada ya shule ni kubwa, na rafiki yangu atanifundisha kwa siku moja kwa bei ya petroli. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kwenye pikipiki huvunja na mfupa. Piga hesabu ya mguu uliovunjika: miezi bila kazi, pikipiki ya mkopo inayodaiwa kila siku, bili ya hospitali, na watoto wanaongoja nyumbani. Hapo ada ya shule inaonekana ndogo. Chama cha bodaboda kinaweza pia kuwakusanya wanachama kumi au kumi na tano, kikazungumza bei na shule moja, na kulipa kwa awamu kutoka kwenye akiba.

Wala haya si ya wanaopanda bara peke yao. Wundanyi na Mgange ni Pwani, na kuna milima, ukungu na udongo unaoteleza. Mvua ya Kwale ikinyesha, barabara za Shimba Hills hazina huruma. Na abiria, wewe uliyekaa nyuma, una haki ya kumwuliza kijana anayekubeba alijifunzia wapi, na kushuka kama jibu halikuridhishi. Maisha yaliyo juu ya kiti kile ni mawili.