Moshi wa Buluu na Injini Inayokula Oili
Ringi ya pistoni iliyokatwa, aliyoibuni John Ramsbottom wa Uingereza mwaka 1852 kwa injini za mvuke, ilirithiwa na magari ili kuzuia oili isipande na kuungua. Hata hivyo, injini ya Charles Knight, iliyotangazwa na Daimler ya Uingereza mwaka 1908, ilisifiwa kwa utulivu ingawa ilitoa moshi wa buluu wa oili inayoungua hata ikiwa mpya. Baadaye moshi huo ukawa dalili ya ugonjwa, na mafundi wakajifunza kuusoma. Ukitoka asubuhi gari linapowashwa kisha ukapotea, sili za vali hushukiwa kwanza. Ukizidi gari linapopanda mlima, hushukiwa ringi. Ili kuhakikisha, kompresheni hupimwa kavu, kisha baada ya kutia oili kidogo ndani ya silinda: ikipanda sana, ringi zimelika. Kipimo hicho rahisi kinastahili kutangulia kufungua injini.