Mkoloni alihesabu vibanda kwanza, watu baadaye
WAPO wanaoshikilia ati Wakenya tuliongezeka kwa kasi kwa kuwa tunapenda kuzaa. Hebu tuitazame historia, msomaji.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mkoloni alihesabu vibanda ili atoze kodi. Nazo familia zikabanana chini ya paa moja kuikwepa; nani angezilaumu? Makadirio ya idadi ya watu yakajengwa juu ya vibanda hivyo. Waafrika wa nchi nzima walihesabiwa kwenye sensa mara ya kwanza mwaka wa 1948, wakazi wote wa nchi wakiwa milioni 5.4. Kufikia 1979, walikuwa milioni 15.3.

Kilichobadilika zaidi ni vifo. Nyanya zetu nao walizaa sana, ila waliwazika wengi wakiwa wachanga. Chanjo na dawa zilipofika, watoto wakaishi, lakini desturi ya kuzaa haikubadilika mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alikadiriwa kuzaa watoto wanane. Kufikia 2022, wastani ulikuwa 3.4. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilipata watu milioni 47.6, kwani watoto wale waliopona walikua, wakawa wazazi.