Migori na Homa Bay: Chuki ya kikabila isiyo na kichwa kwenye OB

Ukifika kaunta ya kituo cha polisi, iwe Kehancha au Mbita, askari wa zamu atakuuliza jina, nambari ya kitambulisho, unakotoka na kilichokusibu. Ataandika kwenye OB, kile kitabu kikubwa cha matukio, kisha akupe nambari. Juu ya maelezo yako ataweka maneno mawili matatu ya kichwa: wizi wa mifugo, kushambuliwa, kuharibiwa mali, nyumba kuchomwa. Ikiwa aliyekurushia jiwe alikuwa akilitukana kabila lako, hilo halina kichwa. Labda litaingia kwenye maelezo ya chini, labda halitaingia. Inategemea askari, na inategemea kama wewe mwenyewe ulikumbuka kulitaja.

Kenya haina kosa linaloitwa uhalifu wa chuki. Ina sheria ya kushtaki chuki iliyotamkwa, iliyoandikwa au iliyotangazwa. Chuki iliyotendwa kwa panga au kwa kiberiti hushtakiwa kama uhalifu mwingine wowote wa panga na kiberiti. Hali hii haikuzuka tu, na sehemu kubwa ya historia yake imepita katika eneo lililokuwa South Nyanza, wilaya iliyotawaliwa kutoka Homa Bay kabla ya Migori na Kuria kumegwa.

Wakoloni walikuwa na ugonjwa wa kinyume. Wao waliona kabila kwanza, mtu baadaye. Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya mwaka 1909 ilimruhusu gavana kutoza faini kijiji kizima au jamii nzima pale wenyeji walipodhaniwa kumficha mhalifu au kukataa kusaidia kumsaka. Ng'ombe wakiibwa na nyayo zikaishia kwenye kijiji fulani, kijiji kililipa. Ofisa hakuwa na haja ya kuuliza mwizi alisukumwa na njaa, na tamaa au na uhasama wa kale, maana jamii yote ilikuwa mshtakiwa.

Baada ya Uhuru sheria ikamgeukia mtu mmoja mmoja, na hilo lilikuwa jema. Lakini swali la nia likabaki nje ya mlango. Mpakani, ambako Wakuria, Wajaluo, Wakipsigis na Wamaasai wanapakana, karibu kila mapigano yaliingia kituoni kwa jina la wizi wa mifugo. Polisi hawakuwa wanadanganya. Mara nyingi ng'ombe waliibwa kweli. Ila ng'ombe akishafuatwa kwa mishale, kisha nyumba zikachomwa mchana kweupe huku zile za jirani wa kabila jingine zikirukwa, neno wizi halitoshi tena. Ghasia za kikabila zilizoanza mwaka 1991 zilipozidi, Rais Moi aliunda tume chini ya Jaji Akilano Akiwumi mwaka 1998. Ripoti ilikabidhiwa mwaka uliofuata, ikafungiwa, na wananchi hawakuisoma hadi mwaka 2002.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Katika miji ya Migori na Homa Bay, maduka ya Wakikuyu na ya wengine waliodhaniwa kuunga mkono PNU, chama cha Rais Kibaki, yaliporwa na kuteketezwa, na wenyewe wakakimbilia vituo vya polisi. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote, 134 kati yao mkoani Nyanza. Wengi wa hao wa Nyanza waliuawa kwa risasi, na aliyekuwa na bunduki barabarani alikuwa polisi. Hapa ndipo suala linapokuwa gumu. Askari anayetakiwa kuamua kama mwenye duka alichomewa kwa sababu ya kabila lake ni wa kikosi kilekile ambacho familia nyingine, mtaa wa pili, inakishuku kuwa kilimpiga risasi kijana wao kwa sababu hiyohiyo. Mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, IPOA, haikuwapo hadi mwaka 2011.

Bunge lilijibu kwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika Machi 2009. Kifungu cha 13 kinamwekea polisi milango miwili. Wa kwanza: je, msemaji alikusudia kuchochea chuki ya kikabila? Wa pili: hata kama hakukusudia, je, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki ingeweza kuchochewa? Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikaundwa, ikawafunza polisi namna ya kurekodi mikutano ya siasa.

Miongoni mwa wabunge wa kwanza kunaswa alikuwa mtu wa huku. Juni 2010, kura ya maamuzi ya katiba ikinukia, Wilfred Machage, mbunge wa Kuria na waziri msaidizi, alishtakiwa kwa matamshi ya uchochezi pamoja na wabunge Fred Kapondi na Joshua Kutuny. Rais Kibaki akamsimamisha kazi. Wengi tuliamini enzi mpya imeingia. Kumbe kesi ya maneno ina mitego yake: lazima sauti iwe safi, aliyerekodi asimame kizimbani, kifaa kithibitishwe, na maneno yakiwa ya lugha ya mama yafasiriwe mbele ya wakili ambaye atapinga kila silabi. Kesi ya Machage haikuishia na hatia. Machi 2013 wapiga kura walimfanya seneta wa kwanza wa Migori.

Miaka sita baada ya Machage kushtakiwa, ikawa zamu ya Junet Mohamed, mbunge wa Suna Mashariki. Junet ni Msomali, na mji uliojaa Wajaluo umemchagua tena na tena, jambo ambalo watu wa Nairobi wanaotuhubiria utangamano husahau kulitaja. Juni 2016 alilala seli za kituo cha Pangani, Nairobi, kwa madai ya matamshi ya chuki, pamoja na wanasiasa wa mirengo yote miwili. Picha zao gazetini zilifurahisha wengi. Hakuna aliyefungwa kwa maneno yale.

Huku maneno yakishtakiwa, mikono iliendelea na kazi yake. Mwaka 2009, sheria ikiwa bado mpya kabisa, Wanyabasi na Wabwirege wa Kuria Mashariki walipigana, chanzo kikiwa mifugo, na maelfu wakahama makwao. Hebu jiweke mahali pa mkuu wa kituo. Wote ni Wakuria, lugha moja, mila moja. Kifungu cha 13 kinataja rangi, uraia na asili ya kikabila au ya kitaifa. Ukoo haumo. Katiba ya 2010 imekuja na neno pana zaidi, asili ya kijamii, lakini ofisa hajazi karatasi ya mashtaka kwa kutumia katiba. Anatumia Kanuni ya Adhabu: kuchoma nyumba, kuua, kujeruhi.

Kwamba nia inaweza kuchunguzwa hata pale inapofichwa na kitendo, hilo tulionyeshwa The Hague. Mapema mwaka 2008, Wajaluo huko Naivasha na Nakuru walitahiriwa kwa nguvu, na waliosalia wakapakiwa kwenye malori na mabasi kurudi Nyanza, wengine hadi Homa Bay na Migori. Mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, aliita kitendo hicho dhuluma ya kingono. Januari 2012 majaji walikataa jina hilo. Walisema ushahidi unaonyesha kilichowasukuma watendaji ni chuki ya kikabila na hamu ya kuonyesha kwamba mila zao ndizo bora. Waathiriwa wengi hawakuridhika, na sioni kwa nini kitendo kimoja kisiwe vyote viwili. Lakini mahakama ilikuwa imeuliza swali ambalo OB haiulizi. Mashtaka ya kesi hiyo dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na swali likarudi nyumbani bila jibu.

Waingereza walipita njia nyingine. Kijana Stephen Lawrence aliuawa London mwaka 1993, na ripoti ya Macpherson ya mwaka 1999 ikasema tukio liandikwe kuwa la ubaguzi wa rangi ikiwa mwathiriwa au mtu mwingine yeyote analiona hivyo. Haimaanishi mshtakiwa ana hatia. Inamaanisha tu kwamba polisi hawaruhusiwi kulifuta swali kabla ya kulichunguza. Kanuni hiyo ina kasoro zake, na huku kwetu wanasiasa wangeitumia vibaya ndani ya wiki moja. Hata hivyo, kisanduku kimoja zaidi kwenye fomu ya polisi hakihitaji bunge kukaa usiku kucha.

Kabla kisanduku hicho hakijapatikana, kazi ni yako wewe unayeripoti. Maneno uliyotukanwa yataje yalivyotamkwa, kwa Dholuo, Kikuria au Kiswahili, na utake yaandikwe hivyohivyo. Taja nyumba zilizorukwa na zilizochomwa. Usitie sahihi taarifa ambayo hujasomewa, na usiondoke kaunta bila nambari ya OB. Nakala nyingine ya malalamiko yako ipeleke NCIC.