Bob Hope: Mchekeshaji Aliyeishi Karne Nzima

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii inamfaa Bob Hope, mchekeshaji wa Marekani, ingawa hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa Eltham, London, tarehe 29 Mei 1903, akaitwa Leslie Townes Hope. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe. Mwaka 1908 familia ilihamia Cleveland, Ohio, na mtoto huyo wa wahamiaji akaja kupendwa na taifa zima. Insha hii inaeleza kwa nini alidumu muda mrefu, na kwa nini Vita vya Vietnam vilimtia doa.

Kwanza, alijua kuhama na wakati. Alianza kwa kucheza dansi na kutoa mizaha katika kumbi za maonyesho. Kumbi hizo zilipopoteza watazamaji, alikuwa ameshaingia Broadway. Mwaka 1938 alianza kipindi cha redio NBC kilichodhaminiwa na dawa ya meno ya Pepsodent, na mwaka 1950 akaingia kwenye televisheni. Kipindi chake cha mwisho NBC kilionyeshwa mwaka 1996. Kila chombo kilipozeeka, yeye alikuwa ameshapanda kingine.

Pili, alikuwa mwigizaji wa filamu. Pamoja na Bing Crosby na Dorothy Lamour alicheza mfululizo wa filamu 7 za safari, na ya pili, ya mwaka 1941, iliitwa Road to Zanzibar. Sisi tunaosoma Kiswahili tunapaswa kuitazama kwa makini. Haikupigwa Zanzibar bali California, na Waafrika wake ni wala watu wa kuchekesha tu. Watazamaji walicheka, lakini waliochekwa hawakuwapo ukumbini kujibu.

Tatu, na hili ndilo lililompa heshima kubwa zaidi, alikwenda kwa askari. Tarehe 6 Mei 1941 alipeleka kipindi chake cha redio katika kambi ya March Field, California. Baadaye aliwafuata askari Uingereza, Afrika Kaskazini, Sicily na visiwa vya Pasifiki. Waandishi wake waliuliza kwanza habari za kila kambi: jina la kamanda, chakula, matope, uhaba wa wanawake. Kwa hiyo askari aliyekuwa mbali na nyumbani alisikia shida zake mwenyewe zikigeuzwa kicheko, na wakubwa wake wakitaniwa mbele yake bila mtu kuadhibiwa.

Vietnam mambo yalibadilika. Kuanzia 1964 hadi 1972 Hope alikwenda huko kila Krismasi, na wengi walimshangilia. Lakini aliunga mkono vita hivyo waziwazi wakati vijana wengi walikuwa wakivipinga, na askari wengi walikuwa wameandikishwa kwa lazima. Mwaka 1969 alipowaambia askari kwamba Rais Nixon alikuwa na mpango wa kumaliza vita, baadhi yao walimzomea.

Kwa maoni yangu, kuzomewa huko kunaeleza kipaji chake kuliko tuzo zake zote. Katika vita vya kwanza alisimama upande wa askari akamtania kamanda. Vietnam, siku ile, alileta maneno ya kamanda. Mchekeshaji huaminiwa anapokaa mkekani pamoja na wasikilizaji. Akihamia kwenye kiti cha mkubwa, mzaha wake hugeuka hotuba.

Hata hivyo, hakuacha kazi hiyo. Alikwenda kwa askari tena wakati wa Vita vya Ghuba, akiwa na umri wa miaka 87, na mwaka 1997 Bunge la Marekani lilimtangaza kuwa mwanajeshi mstaafu wa heshima. Alifariki tarehe 27 Julai 2003, akiwa ametimiza miaka 100. Alicheza kwao, akatunzwa. Sisi tunaosoma historia yake tukumbuke pia waliomzomea, kwani nao walikuwa kwao.