Michikichi 288 na Sheria Tatu

Mtu akifa Mwandiga bila kuacha wosia, majirani huuliza: nani atachukua shamba? Mahakama ina swali lake la kutangulia: marehemu aliishi kama nani? Na jibu la swali hilo ndilo linalogawa shamba.

Kwetu Kigoma jibu si rahisi. Mwandiga, inapoanzia barabara ya Manyovu, iko Buha, kwa Waha, watu wa ukoo wa baba. Ujiji, mwendo mfupi tu kutoka hapo, Uislamu ulishaota mizizi tangu enzi za misafara ya pwani katika karne ya 19. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, na watu wakawa wanakuja na kuondoka. Kwa hiyo mzee mmoja anaweza kuwa Muha kwa baba, Mwislamu kwa dini, na mtu wa mjini kwa maisha. Sheria inamtaka awe mmoja tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili na michikichi 288.

Akihesabiwa Mwislamu, mjane anapata thumni, yaani miti 36. Kijana anapata 126, kila binti 63.

Akihesabiwa mtu aliyeachana na mila na si Mwislamu, inaingia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, iliyoletwa na Waingereza. Mjane anapata theluthi, miti 96, na kila mtoto 64, wa kike kwa wa kiume. India yenyewe iliiweka kando mwaka 1925 kwa kutunga nyingine. Sisi tukabaki nayo.

Akihesabiwa mtu wa mila, kuna Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Hapo kijana ni mrithi wa daraja la kwanza, mabinti wa daraja la tatu. Mjane? Hapati hata mti mmoja, ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, inasema kanuni ya 27, ni kutunzwa na wanawe kama yeye alivyowatunza.

Watu husema eti hiyo ndiyo mila yetu tangu mababu. Lakini mila za mababu hazikuwa na namba za kanuni. Kazi ya kuzikusanya na kuziunganisha iliongozwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyefariki 1962 kabla ya tangazo kutoka. Kilichokuwa kinajadiliwa na wazee kikao kwa kikao kikagandishwa kwenye karatasi.

Karatasi hiyo imepingwa. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Ephrahim na Pastory kutoka Muleba, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, sawasawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo mwaka 2006, wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga kanuni za 1963, Mahakama Kuu ilikiri kuwa ni za kibaguzi, halafu ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikasema Tanzania imewakosea.

Lakini wajane wengi hawafiki huko. Mambo yao huamuliwa mapema, kwenye kikao cha ukoo kinachompendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na mara nyingi humo ndimo marehemu anapoelezwa kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mtu wa namna gani. Wanaoeleza ni ndugu zake, na baadhi yao wanasubiri fungu.

Ndiyo maana siuoni wosia kama karatasi ya matajiri. Mwislamu haruhusiwi kuusia zaidi ya theluthi, lakini hata yeye anaweza kuandika aliishi kama nani. Asipoandika yeye, wataandika wengine.